Kompyuta yangu inachemsha, nataka kuipoza kwa maji; kaka hataki hata kusikia

Shikamoo dada,

Nakusoma kila wiki, na leo nimeona nikuandikie. Naishi Sinza, Dar es Salaam, nina miaka 26, na kazi yangu ni kutengeneza picha za nyumba kabla hazijajengwa. Wachora ramani wananiletea michoro yao, mimi nawatolea picha inayoonyesha nyumba itakavyokuwa, na siku hizi wengi wanataka na video fupi ya kuzunguka ndani. Kazi ipo, namshukuru Mungu.

Tatizo langu ni joto. Natumia kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Ryzen 9 5950X na kadi ya grafiki ya RTX 3080, zote nilizinunua Kariakoo zikiwa zimeshatumika. Nikianza kurenda video, yaani kuiachia kompyuta itengeneze video yenyewe kutoka kwenye mchoro, prosesa inafika nyuzijoto 90, kumbukumbu ya kadi inapanda mpaka 106, kisha kasi inashuka na feni zinanguruma hadi mteja akinipigia simu hasikii ninachosema. Chumba changu kiko ghorofa ya mwisho. Sina AC, nina feni ya dari tu, na kuanzia Desemba mpaka Machi mchana hakukaliki.

Nimetazama video nyingi za watu wanaopoza kompyuta kwa maji: mirija migumu inayong'aa, imekunjwa kona vizuri, maji ya rangi yanapita ndani. Roho yangu iko huko. Nimeweka akiba milioni moja na laki mbili. Rafiki yangu ananiambia nisipoteze hela zote hizo: nichukue rejeta ya pikipiki kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, mpira wa kumwagilia bustani, maji ya kisima au yale yanayodondoka kwenye AC ya ofisini kwao, na siku za joto kali nitumbukize barafu kwenye tangi.

Sasa kuna kaka yangu mkubwa. Hela ya ile kadi alinikopesha yeye, na bado namlipa kidogo kidogo. Nilipomweleza mpango wangu alisema, "Maji na umeme havilali nyumba moja. Ukiiunguza, kadi imekwenda na deni langu liko palepale." Tangu siku hiyo akinipigia ni salamu tu, basi. Dada, nianzie wapi? Na kwa huu umeme wetu wa kukatika, pampu si itakufa siku ya kwanza?

Mdogo wako,
Mchora Nyumba, Sinza

*

Marahaba mdogo wangu.

Nianze na kaka yako, maana naona amekuumiza zaidi kuliko hilo joto. Hajakukatalia maendeleo. Ameuliza swali ambalo kila mtu anayeingiza maji kwenye kompyuta anapaswa kujiuliza kabla hajanunua hata skrubu: yakivuja, itakuwaje? Swali hilo lina jibu, na jibu lake ni kipimo anachoweza kukishuhudia kwa macho yake. Nitakifikia huko mbele. Kwa sasa usibishane naye kwenye simu.

Kabla ya vifaa, tuzungumze juu ya chumba chako. Maji hayaliui joto, yanalihamisha tu kutoka kwenye prosesa na kadi kulipeleka kwenye rejeta, na rejeta inalimwaga kwenye hewa ya chumba. Prosesa yako ikifanya kazi kwa nguvu zote, bila kuiongezea kasi, inakula kama wati 142. RTX 3080 ya kawaida inakula 320. Jumla ni wati 462, na zote zinaishia kuwa joto. Mtu mzima aliyekaa kimya hutoa joto la wati 100 hivi, kwa hiyo kila unaporenda ni kama umeingiza wageni wanne chumbani ukafunga mlango. Hakuna rejeta, hata ya bei gani, itakayofanya maji yawe baridi kuliko hewa inayopita ndani yake. Januari chumba chako kikiwa na nyuzi 33, mzunguko wa maji uliopangwa vizuri utakuwa na maji ya nyuzi 43 hadi 45. Hiyo ni sawa kabisa kwa vifaa, lakini wewe mwenyewe utaendelea kutoka jasho. Kwa hiyo kompyuta isogee karibu na dirisha, na hewa ya moto ipate pa kutokea. Dirishani weka wavu unaoondoka na kufulika, kwa sababu vumbi la Dar likijaa kwenye mapezi ya rejeta, faida yote ya maji inapotea.

Halafu nakuomba ufanye majaribio mawili yasiyo na gharama. La kwanza: fungua ubavu wa kasha la kompyuta, renda kitu kilekile kwa nusu saa, uangalie namba. Zikishuka kwa kiasi cha kuonekana, ujue kasha lako halipumui, na tiba ni feni na kupiga vumbi. La pili: punguza kikomo cha umeme wa kadi mpaka asilimia 80 kwa programu. Kasi utakayopoteza ni ndogo, joto litakalopungua utaliona. Na kwa kuwa kadi ilishatumika, kuna uwezekano mkubwa kwamba vile vipande laini vya kupitishia joto vilivyokaa juu ya kumbukumbu vimechoka. Nyuzi 106 kwenye kumbukumbu inanifanya nivishuku hivyo kabla ya kitu kingine. Fundi mwenye mkono mtulivu anaweza kuvibadilisha, ila unene wake lazima uwe uleule wa vya zamani. Vikiwa vinene kupita kiasi, sahani ya kupoza haitaigusa chipu yenyewe, na hali itakuwa mbaya kuliko ulivyoanza.

Namba zikikaa sawa baada ya hapo, utakuwa umeokoa hela. Zisipokaa sawa, au ukiwa unataka ule utulivu wa kurenda usiku kucha bila kelele, basi jenga. Nakuunga mkono kwa moyo wote; mtu anayerenda saa nane mfululizo ndiye hasa anayefaidi maji.

Wengi huanza na mirija na rangi. Wewe anza na bloku ya kadi. Bloku ni kile kipande cha shaba chenye vijia vya maji ndani kinachokaa juu ya chipu. Ya prosesa si shida, moja inaingia kwenye aina nyingi za mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta. Ya kadi lazima ifanane na ubao wa kadi yako tundu kwa tundu, na RTX 3080 zilitengenezwa na kampuni nyingi, kila moja na ubao wake. Kadi hizo zilitoka Septemba 2020, na bloku za kadi za miaka hiyo zinazidi kuadimika. Kwa hiyo itoe kadi, soma jina kamili na namba kwenye kibandiko cha nyuma, ipige picha pande zote mbili, kisha linganisha na orodha ya mtengenezaji wa bloku. Usiridhike na muuzaji anayekuambia "inaingia 3080 zote". Bloku ikikosekana, mpango unabadilika: maji yataenda kwenye prosesa peke yake, na hapo kipoozaji cha maji kinachouzwa kikiwa kimeshafungwa tayari kitakutosha, bila kuingia gharama ya mzunguko mzima.

Bloku ikipatikana, pima kasha. Kanuni wanayotumia wajenzi wengi ni kwamba kila sehemu ya milimita 120 ya rejeta, feni zikiwa na mwendo wa wastani, inaondoa kama wati 100 huku maji yakizidi hewa kwa nyuzi 10 hivi. Wati zako 462 zinahitaji sehemu tano, yaani rejeta moja ya 360 na nyingine ya 240. Chukua rula. Pima nafasi ya mbele na ya juu, na ukumbuke kuwa rejeta ina unene wake na feni zina milimita 25 zake juu ya huo. Kadi ndefu ikigongana na rejeta ya mbele, afadhali uligundue ukiwa na rula mkononi kuliko mzigo ukiwa umeshafika kutoka China.

Hapo kwenye mzigo usipitwe. Rejeta za shaba ni nzito na mawakala wa ndege wanakutoza kwa kilo. Kinachomaliza hela za wengi ni fitingi, vile viungio vya kuunganisha mpira na kila kifaa. Hesabu na mimi: bloku ya prosesa matundu mawili, ya kadi mawili, rejeta mbili matundu manne, pampu yenye tangi mawili. Hizo ni fitingi 10 kabla ya koki ya kumwagia maji, na kila moja inauzwa peke yake. Zote ziwe za thredi ya G1/4, ambayo ndiyo kipimo cha kawaida, na zilingane na mpira wako ndani na nje. Kama hela inabana, fitingi za meno zinazokazwa kwa klipu ni rahisi zaidi na hazina ubaya wowote. Chagua mpira wa milimita 10 kwa 16: ukuta wake ni mnene na haujikunji ovyo kwenye kona.

Najua uliota mirija migumu. Kwa mzunguko wa kwanza, tena kwenye kompyuta inayokulisha, nakushauri uiache. Kila kona inakunjwa kwa moto na kupimwa, ukikosea unatupa kipande, na siku ukitaka kubadilisha kadi unaanza upya. Ile ya plastiki ya PETG inaanza kulegea maji yakikaribia nyuzi 60, na sisi tunaanza safari tukiwa tayari na chumba cha nyuzi 33. Chukua mpira mweusi wa EPDM. Hauvutii kwenye picha, lakini hauchuji ile mafuta inayotoka kwenye mipira ya plastiki angavu na kuacha ukungu ndani ya bloku. Na maji yako yawe angavu, yasiyo na rangi. Yale mazito yenye rangi kama ya maziwa yana chembechembe ambazo siku zikienda hutulia na kuziba vijia vya bloku, na vijia hivyo ni vyembamba sana.

Rafiki yako anakupenda na anataka usitumie hela vibaya, lakini ushauri wake uuweke kando wote. Rejeta ya pikipiki ni ya alumini, bloku zako ni za shaba. Metali hizo mbili zikikutana ndani ya maji yaleyale, alumini inaliwa, na mabaki yake yanakwenda kukaa ndani ya bloku. Nunua rejeta ya shaba, na soma vizuri maelezo ya zile za bei ya kutupa, maana nyingi ni alumini iliyopakwa rangi nyeusi. Maji ya kisima kwa sehemu nyingi za jiji hili yana chumvi. Kuyachemsha hakuondoi chumvi, na hata maji ya kunywa ya chupa yana madini yake. Ya AC yamepita kwenye vumbi na ukungu wote wa ile mashine. Unachotaka ni maji yaliyotoneshwa, ambayo vituo vya mafuta vinayauza kama maji ya betri. Lakini soma lebo neno kwa neno, kwa sababu asidi ya betri nayo inauzwa kwenye madumu yanayofanana na hayo. Changanya na dawa ya kuzuia kutu na vijidudu iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta, kwa kipimo kilichoandikwa, usizidishe.

Barafu ndiyo inayonitisha zaidi. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi. Soda iliyotoka kwenye friji unaiona inavyolowa nje baada ya dakika chache; bloku yenye maji ya barafu italowa vivyo hivyo, na jasho lake litadondokea mazabodi. Mzunguko ambao haujawahi kuvuja hata tone unaweza kuunguza kompyuta kwa njia hiyo. Maji yabaki na joto zaidi ya chumba, siku zote.

Pampu na umeme wa kukatika: ondoa hofu. Umeme ukikatika, kompyuta na pampu vinazima pamoja, hakuna joto linalozalishwa, hakuna kinachoharibika. Kinachoua vifaa ni umeme unaorudi kwa kishindo, na huo ungeiua kompyuta hata ingekuwa inapozwa kwa feni. Stebilaiza au UPS unaihitaji kwa vyovyote. Angalia tu wati zake, kwa sababu UPS ndogo za 650VA kwa kawaida hazifiki wati 400, na kompyuta yako ikirenda itaizidi. Pampu ya aina ya D5 inatosha sana kwa mzunguko wako. Waya wake wa kupima kasi ya kuzunguka kwake uchomeke pale mazabodi inapotegemea feni ya prosesa, kisha uiweke ipige kengele pampu ikisimama. Hata hilo likitokea hujui, prosesa itajipunguza kasi, na ikizidi itazima yenyewe.

Usipoteze usingizi kupanga maji yaanze kwenye prosesa au kwenye kadi. Maji yakienda lita nne kwa dakika, wati zote 462 zinayapandisha chini ya nyuzi mbili kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo mpira upite njia fupi na nyepesi. Lazima ni moja tu: tangi likae kabla ya pampu na juu yake, ili pampu isikauke. D5 inalainishwa na maji yenyewe. Kuiwasha kavu, hata kwa muda mfupi, ni kuila.

Siku ya kufunga, rejeta zisuuze kwanza kwa maji ya moto yaliyotoneshwa, tikisa, mwaga, rudia mpaka yatoke safi. Huwa zinabaki na uchafu wa kiwandani wa kulehemu. Na skrubu! Rejeta nyingi zina mirija ya maji moja kwa moja chini ya matundu ya skrubu. Ukichukua skrubu ya kufungia feni, ile ya milimita 30, ukaitumia mahali ambapo hakuna feni, ncha yake inatoboa mrija na rejeta imekwisha kabla haijaona maji. Nimeziona rejeta mpya kabisa zikiletwa mezani na kitundu cha namna hiyo. Kila skrubu iweke kwanza kwa nje, ilinganishe na unene wa bati, ndipo uikaze, tena kwa vidole kabla ya bisibisi. Fitingi vilevile: kaza kwa mkono mpaka oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia maji, ibane, basi. Koleo litaikata oringi.

Sasa mwite kaka yako. Mwambie aje Jumamosi jioni ukiwa umeshafunga kila kitu. Chomoa nyaya zote za umeme kwenye mazabodi, kadi na diski, ibaki pampu peke yake. Zungushia karatasi za jikoni nyeupe kila penye fitingi na chini ya bloku. Ule mkia mkubwa wa pawasaplai (kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme) wenye matundu 24, unganisha waya wa kijani na mweusi mmoja ili iwake bila mazabodi. Kama nyaya zote ni nyeusi usibahatishe, tumia kile kiziba kidogo kinachouzwa kwa kazi hiyo. Jaza tangi, washa kwa sekunde chache, zima, jaza tena, mpaka mzunguko mzima uwe na maji. Inamisha kasha taratibu kila upande ili mapovu yatoke. Kisha iache pampu iendelee saa 24. Kaka akirudi Jumapili, yeye mwenyewe ndiye ashike karatasi moja baada ya nyingine. Zikiwa kavu, mmepata jibu la swali lake. Ikilowa hata moja, hakuna kilichoungua, kwa sababu hakukuwa na umeme kwenye kadi; mnamwaga, mnakaza, mnaanza tena. Kama unaweza, kabla ya maji tumia kile kipampu cha mkono chenye saa ya presha: unajaza hewa kwa presha anayoruhusu mtengenezaji, na mshale ukitulia unajua hakuna pa kuvujia.

Ili kumwaga maji kusiwe balaa, sehemu ya chini kabisa ya mzunguko weka fitingi ya njia tatu yenye koki. Utaishukuru kila unapobadilisha maji, na hayo yabadilishe walau mara moja kwa mwaka. Vipoozaji vya zamani vya prosesa na kadi usiuze wala usimpe mtu. Vifunge kwenye mfuko na skrubu zake zote. Pampu ikifa Jumanne na mteja anataka video Alhamisi, ndivyo vitakavyookoa kazi.

Usifungue kompyuta mpaka kila kifaa kiwe mezani, na usifanye hivyo wiki yenye kazi ya kukabidhi. Kwa sasa fanya yale majaribio mawili, kisha niandikie jina kamili la kadi kama lilivyo kwenye kibandiko kabla hujamlipa mtu yeyote.